Ciakuthii na Midomo ya Ijumaa

Debe lako la kahawa halikufika kwenye mizani ya kiwanda chetu, kule chini ya Kanyakine, kabla halijapita mikononi mwa Ciakuthii. Nasema habari za miaka ya tisini na nne, tisini na tano hivi. Alikaa langoni kwenye kiti cha miguu mitatu, gunia limetandazwa mbele yake, na neno lake la salamu lilikuwa moja: "Mwaga."

Unamwaga. Anapitisha vidole kwenye kahawa yako kama mtu anayetafuta sindano kitandani. Akikuta mbichi nyingi, au zile nyeusi zilizokaukia mtini, hakuinua hata uso. "Chambua tena." Ungekuwa mke wa padri, na mapadri hawana wake, ungerudi chini kuchambua.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa nyuma kwa nguvu utafikiri anazuia kichwa kisimtoroke. Mumewe Salesio alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu mpole sana. Watu walizoea kusema kwamba maneno yote ya nyumba ile alipewa mke. Si kweli. Ciakuthii hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na machache, yametiwa makali, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Najua ninachosema kwa sababu mimi pia nimewahi kusingiziwa.

Mimi si wa huku. Nilizaliwa Embu, pale mtaa wa Majimbo, wakati Majimbo bado ina mashamba mengi kuliko nyumba, nikaolewa Kanyakine. Mama mkwe wangu alicheka Kimeru changu mpaka akazikwa. Kwa hiyo nilijifunza kufunga mdomo na kufungua macho, na ndiyo maana jambo la Ciakuthii nililiona mimi wakati wenyeji walilichukulia kama hali ya hewa.

Jambo lenyewe lilihusu mchezo wa redio.

Kila Alhamisi jioni, baada ya taarifa ya habari, redio ilicheza mchezo wa kuigiza. Msimu ule ulikuwa wa Mzee Hamadi, tajiri mmoja ambaye ghala lake la mahindi lilichomwa moto, na mahindi yenyewe yalikuwa ya kijiji kizima, yeye amewawekea tu. Nani alichoma? Kulikuwa na mlinzi aliyelewa. Kulikuwa na mke mdogo, Mwanaisha, aliyekuwa amefukuzwa nyumbani wiki ile ile. Kulikuwa na mkwe mmoja hivi aliyecheka sana. Mimi nilimshuku huyo mkwe tangu siku ya kwanza, maana mtu anayecheka hivyo nyumbani kwa mkewe ana lake jambo. Mume wangu alimshuku mlinzi. Tuliwahi kulala bila kusemezana kwa sababu ya ghala la mtu ambaye hayuko duniani.

Sasa shida ilikuwa hapa. Alhamisi ndiyo siku watu wa upande wa juu walileta kahawa, na jioni ile ile mashine ya kumenya ilinguruma. Kila aliyefanya kazi kiwandani alikosa mchezo. Na wengi wetu majumbani hatukuwa na redio, au tulikuwa nayo lakini betri zimekufa. Sisi wote tulingoja marudio ya Jumapili alasiri. Mzee Mwiti, mwendesha mashine, alikuwa akitoa redio kubwa ya chama chetu cha ushirika kwenye stoo, anaiunganisha na betri ya lori, nasi tunakaa chini kwenye magunia matupu na kusikiliza.

Katikati ya Alhamisi na Jumapili iko Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu sisi wa upande wa chini kuleta kahawa. Basi laini ya Ijumaa ilikuwa na watu wa aina mbili: waliosikia jana, mdomo unawawasha, na ambao hawajasikia na hawataki kuharibiwa. Na mbele ya laini hiyo alikaa Ciakuthii.

Sheria yake ilikuwa fupi. Ukifungua mdomo kusema yaliyotokea jana, unabeba debe lako mwisho wa laini. Ukirudia, unabeba tena. Hakuna aliyempa sheria hiyo. Kamati haikuijua, na katiba ya chama ilisema aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupimiwa, basi. Lakini nani atabishana na mtu ambaye vidole vyake viko ndani ya kahawa yako?

Namkumbuka Muchangi, kijana mmoja mwenye majivuno, aliyekuja Ijumaa moja na redio mpya kichwani mwake, maana hakuacha kuizungumzia. Akatua debe.

"Mama, jana ile ya jana—"

"Mwisho wa laini."

"Lakini sijasema kitu!"

"Umeshusha debe kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa tayari hewani. Mwisho wa laini, kijana, na huo mkono uende nao."

Laini nzima ilicheka. Muchangi alibeba debe lake akinung'unika mpaka nyuma kabisa, akanyamaza huko kama kuku aliyenyeshewa.

Mimi nilitaka kujua mambo mawili. La kwanza, alijuaje? Hakuwa amesikia mchezo. Alhamisi alikuwa hapo hapo langoni, mashine inamziba masikio. Atajuaje kwamba neno hili ni la mchezo wa jana na lile ni la mbuzi wa jirani? La pili, kwa nini ajisumbue? Mtu akikuambia nani alichoma ghala la Hamadi, ugali wako unapungua?

Siku moja ya kahawa haba nilichambua karibu na kiti chake makusudi. Nikamuuliza.

"Mtu wa Embu," akasema (hivyo ndivyo alivyoniita, ingawa jina langu Wambura alilijua na nilikuwa nimezaa watoto wote huku), "maswali yako ni mengi kuliko kahawa yako."

"Kahawa itaiva. Nijibu."

Akatupa mbichi moja kando. "Mtu mwenye habari ya mchezo hashushi debe vizuri. Analitua haraka apate mikono. Halafu anatazama nyuma kwanza, aone kama kuna watu wa kutosha. Mwenye habari ya mbuzi hatazami nyuma. Mbuzi ni wake, hajali nani anasikia."

"Na unatulinda kwa nini? Wewe ni mama yetu?"

Hapo aliinua uso. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona macho yake yakicheka.

"Nani amekuambia nawalinda nyinyi? Nalinda masikio yangu. Nyinyi mkikasirika na mtu mnahama laini, mnaenda kukaa kule kwenye vitanda vya kukaushia. Mimi nitahamia wapi? Midomo yote ya Ijumaa inapita hapa. Imeletwa kwangu pamoja na kahawa."

Nilicheka mpaka nikamwaga nilichokuwa nimechambua. Baadaye, wakati mvua imetuingiza chini ya bati, aliniambia mengine bila kuulizwa. Kwao yeye ndiye alikuwa msichana mkubwa. Bibi yao alipokuwa akisimulia hadithi jioni, hadithi ikifika pale mnapotaka kujua zimwi litafanya nini, mama yake alikuwa akisema, "Ciakuthii, mbuzi hawajafungwa." Kila mara. Akitoka kufunga mbuzi, hadithi imekwisha, na wadogo zake wanampa mwisho kwa neno moja huku wanapiga miayo: zimwi lilikufa. Walirudi nyumbani. Walioana.

"Mimi, Wambura, mwisho wa hadithi nimelambishwa ukoko wa sufuria. Chakula walikula wengine. Sasa mbuzi wangu nimewauza wote. Nataka mwisho mmoja niusikie mwenyewe, ukiwa moto."

Tangu siku ile sikumtazama tena kama mwanamke mkali tu.

Basi mchezo wa Hamadi ukafika mwisho wake. Redio ilitangaza wiki nzima: Alhamisi hii mtamjua aliyechoma. Watu hawakulala vizuri. Mume wangu alikwenda kwa rafiki yake mwenye redio, akakuta nyumba imejaa mpaka mlangoni, akarudi na baridi tu. Nilifurahi. Ningeishi vipi na yeye siku mbili akijua na mimi sijui?

Ijumaa ikaja. Laini ilikuwa ndefu na kimya kuliko kanisa. Waliosikia walitembea wakiuma midomo, wakimwogopa Ciakuthii, na sisi wengine tukiwatazama nyuso, tukitafuta hata kope moja itakayosema ni mlinzi au ni mkwe.

Akafika Mama Kirimi. Huyu alikuwa mke wa Kaimenyi, mwenyekiti wa chama. Nyumba ya mabati mapya, redio ya kaseti, kitambaa cha kushona juu ya redio. Mama Kirimi hakuwa mtu mbaya, ila alipenda awe wa kwanza kujua na wa kwanza kusema, na uzito wa mumewe aliubeba hata sokoni. Alikuwa mtu wa tatu mbele yangu. Alitua debe kwa kishindo. Akatazama nyuma.

Ciakuthii akafungua mdomo, lakini safari hii alichelewa.

"Jamani, si nilisema ni Mwanaisha? Mke mdogo! Polisi wamemchukua na—"

"Mama Kirimi!"

Neno lilikuwa limetoka. Mimi nililisikia, na wanawake wawili mbele yangu, na nyuma yetu kukatoka mlio kama wa watu walioona mtoto akianguka kisimani. Wa nyuma zaidi hawakusikia jina. Waliona tu nyuso zetu, wakaziba masikio.

Ciakuthii alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama langoni. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama kahawa iliyoachwa juani.

"Mwisho wa laini," akasema polepole.

"Mimi?"

"Wewe na debe lako na magunia yako yote."

"Unajua mimi ni nani, Ciakuthii?"

"Wewe ni mtu wa mwisho kwenye laini. Kama hujui iko wapi, fuata kijia, pita vitanda vya kukaushia, utaiona."

Mama Kirimi alikwenda. Ni jambo la kushangaza, lakini alikwenda, kwa sababu laini nzima ilikuwa inamtazama na hakuna aliyekuwa akitabasamu. Na siku ile, kwa bahati mbaya yake, mkanda wa mashine ulikatika kabla laini haijaisha. Mzee Mwiti akafunga. Kahawa ya mwenyekiti ikalala kwenye magunia, ikachacha, na Jumamosi asubuhi ikapokelewa kama ya daraja la chini.

Mwenyekiti Kaimenyi alikuwa amerudi usiku huo kutoka Meru mjini, kwenye semina fulani kule Kinoru iliyomchukua tangu Jumatano. Alipoiona kahawa yake imeandikwa hivyo, aliita mkutano wa wanachama Jumamosi hiyo hiyo mchana. Habari ikatembea haraka: Ciakuthii anaondolewa langoni.

Tulijaa uwanjani, kati ya vitanda vya kukaushia. Ciakuthii alikaa pembeni kwenye kiti chake cha miguu mitatu, amekuja nacho. Salesio alisimama nyuma yake, tepe ya kupimia bado shingoni. Najua alichokuwa akifikiria, maana mimi pia nilikifikiria: ile kazi ya langoni ndiyo iliyokuwa ikiwasomeshea watoto, na Ciakuthii bila lango lile angekuwa nani? Angekuwa mama mmoja tena wa kuchambua, anayeambiwa yeye "chambua tena" na mtu mwingine.

Mwenyekiti alisimama na karatasi. Kwa haki, alianza vizuri.

"Wanachama, sheria yetu ni moja. Aliyetangulia ndiye anatangulia. Huyu mama amempeleka mwanachama mwisho wa laini, si kwa sababu ya kahawa mbichi, bali kwa sababu ya maneno. Nani amempa kazi ya kupima maneno?"

Alikuwa na ukweli, na ukweli wa mtu usiyempenda unauma. Mzee Mwiti akainua mkono wake wenye grisi.

"Mwenyekiti, maneno gani hayo? Lazima tuyajue. Kama alitukana, hiyo ni kesi nyingine."

"Hakutukana. Alisema tu habari ya mchezo. Alisema kwamba aliyechoma—"

"Eeeei!"

Sauti hiyo haikutoka kwa mtu mmoja. Ilitoka uwanja mzima. Watu waliziba masikio. Bibi mmoja alijifunika kichwa kwa shuka. Muchangi yule wa redio mpya, ambaye redio yake ilikuwa imeharibika wiki hiyo hiyo, alipiga kelele, "Usiseme, mwenyekiti! Tumengoja tangu mvua ya kwanza!"

"Lakini ni ushahidi!" akasema Kaimenyi.

"Ushahidi wako ungoje Jumapili!"

"Mtahukumu vipi bila kusikia?"

"Na tukisikia tutasikiliza nini kesho?"

Karani alijaribu kusaidia. Alisema walio tayari kusikia wabaki, wengine wasogee mpaka kwenye matangi ya kuoshea kahawa. Uwanja mzima ukasogea mpaka kwenye matangi, hata waliosikia Alhamisi, kwa kuogopa ndimi zao wenyewe. Tulibaki mimi na wale wanawake wawili, ambao tulikuwa tumeshaharibiwa, Ciakuthii kwenye kiti chake, na mwenyekiti na mkewe. Hiyo si idadi ya mkutano.

Ndipo Mwiti akauliza kutoka kule mbali, mikono mdomoni: "Mwenyekiti! Wewe mwenyewe umeshasikia?"

Kaimenyi akatazama karatasi yake. "Mimi nilikuwa Kinoru."

"Sasa ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka Mama Kirimi aseme." Akamgeukia mkewe. "Jana usiku nilimuuliza, akakataa kuniambia. Alisema nitasikia Jumapili." Kisha akasema kwa sauti ya mtu wa kawaida, si ya mwenyekiti: "Kwa kweli hata mimi ningependa kuisikia mwenyewe."

Huo mkutano uliahirishwa kwa makofi. Lakini mimi nilibaki na swali. Mama Kirimi, yule ambaye hawezi kuficha hata bei ya kitenge cha mtu, alikataa kumwambia mumewe? Nilimtazama. Alikuwa akitazama chini, akikunja na kukunjua pindo la leso. Nilianza kunusa kitu, sijui nini.

Jumapili baada ya kanisa, watu walikuja kiwandani wengi kuliko siku ya malipo. Mwiti aliunganisha betri ya lori. Ciakuthii alikaa mbele kabisa, mikono mapajani. Alikuwa amesikia jina Ijumaa. Alikuwa amelambishwa ukoko tena, na safari hii kwenye kazi yake mwenyewe, na kwa hilo hilo wanataka kumfukuza. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Mchezo ukaanza. Mwanaisha akakamatwa, kama alivyosema Mama Kirimi. Polisi wakagonga mlango, mke mdogo akalia, ving'ora vikalia. Watu karibu nami wakaguna. Mimi nikakaa tu, najua, kama mtu aliyeshiba anayetazama wenzake wakila. Ciakuthii alifumba macho.

Halafu sauti ya mlinzi ikasema: "Afande, subiri. Ghala lile lilikuwa tupu."

Ciakuthii akafumbua macho.

Tupu! Hamadi mwenyewe alikuwa ameyauza mahindi ya kijiji, gunia baada ya gunia, na wenyewe walipotaka kuyachukua, akachoma ghala lililo tupu ili majivu yajibu kwa niaba yake. Si mke. Si mkwe. Mwenye ghala! Watu walipiga mayowe mpaka tukakosa maneno ya mwisho, na Mwiti akaapa atavunja mtu. Nami nakuambia, sijawahi kushtuka hivyo maishani. Kwa sababu nilikuwa na uhakika, kuanguka kwangu kulikuwa kurefu kuliko kwa wengine. Ciakuthii alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, anapiga makofi kama msichana.

Redio ilipozimwa, wote tukakumbuka kesi. Sisi watatu tuliosikia Ijumaa tukamgeukia Mama Kirimi. Mwiti ndiye aliyeuliza.

"Sasa mtuambie. Ijumaa alisema nini?"

"Alisema ni Mwanaisha," nikajibu.

Uwanja ukavuma. Wengine wakasema basi hakuna kosa, hakusema mwisho. Wengine wakasema kosa ni kubwa zaidi, ametunga. Mwenyekiti aliona njia, akaishika. "Mnaona? Mke wangu hakuharibu chochote! Amehukumiwa bure!"

"Ngoja," akasema Mwiti. "Mama Kirimi, wewe ulisikia Alhamisi au hukusikia?"

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Akisema alisikia, basi alijua ni Hamadi na akatudanganya sote. Akisema hakusikia, nyumba yenye redio ya kaseti na kitambaa cha kushona haikusikia mchezo ambao hata wachunga mbuzi wameusikia dirishani. Alikunja leso. Akaikunjua.

"Nilisikia nusu," akasema.

"Nusu?"

"Redio ilizima. Polisi walipomchukua Mwanaisha, ikakoroma, ikazima. Nikadhani imekwisha. Si alikuwa ameshakamatwa? Ningejuaje kuna mengine? Nilishuku kule mwisho wa laini tu, niliposikia waliosikia wakinong'onezana habari za ghala, si za Mwanaisha; ndiyo maana sikumwambia hata Baba Kirimi."

"Betri za mwenyekiti zimekufa?" akauliza Muchangi, na kwa sauti yake ilionekana anakula asali.

"Zilikuwa za kuanika," akasema Mama Kirimi, sauti imekuwa ndogo. Kila mtu anajua maana yake: betri zilizokufa, unaziweka juani juu ya bati zipate pumzi kidogo. Sisi wote tulifanya hivyo. Hatukudhani kwa mwenyekiti wanafanya hivyo.

Kaimenyi alikasirika. "Betri za kuanika? Nilinunua mpya mwezi huu! Mpya kabisa! Ziko wapi?"

Mama Kirimi aliinua kichwa polepole, na lile jicho lake la sokoni likarudi.

"Ziko kwenye tochi uliyoenda nayo Kinoru, Baba Kirimi."

Sitaandika jinsi watu walivyocheka, kwa sababu mpaka leo Kaimenyi ni mtu wa heshima na watoto wake wanasoma. Nitasema tu kwamba hata yeye alicheka, mwishoni, akiwa ameshika kiuno na kutazama mbali kuelekea mlimani.

Ciakuthii aliteremka kwenye kiti. Alikwenda akasimama mbele ya Mama Kirimi.

"Nilikupeleka mwisho wa laini kwa kosa la kusema mwisho," akasema. "Hukuusema. Hukuujua. Nimekukosea, na kahawa yako imechacha kwa ajili yangu. Ijumaa ijayo utakuwa wa kwanza."

Mama Kirimi hakujua afanye nini na uso wake. Aliitikia kwa kichwa tu.

"Na lango?" akauliza Salesio kutoka nyuma. Ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akisema mkutanoni.

Kaimenyi alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Alisema sheria ya laini ni sheria, lakini Ijumaa ni Ijumaa, na kama wanachama wanataka Ijumaa midomo ipimwe pamoja na kahawa, wainue mikono. Mikono ilipanda. Wa Muchangi pia ulipanda, polepole. "Basi abaki," akasema mwenyekiti, "lakini mtu akipelekwa nyuma, kahawa yake isilale. Mwiti, usizime mashine kabla ya mtu wa mwisho." Mwiti akasema mkanda haujui sheria, ila atajaribu.

Mchezo mpya ulianza Alhamisi iliyofuata, wa binti mmoja aliyetoweka kwenye harusi yake mwenyewe. Ijumaa Mama Kirimi alikuwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Nilikuwa nyuma yake, na niliona kila kitu. Betri zilikuwa mpya, ilionekana kwenye mashavu yake. Yalikuwa yamejaa kama ya mtoto aliyeficha sukari. Alitua debe. Alilitua taratibu, kwa mikono yote miwili. Hakutazama nyuma.

"Mwaga," akasema Ciakuthii.

Akamwaga. Vidole vikapita kwenye kahawa. Hakuna mbichi hata moja. Ciakuthii alipaswa kusema "Pita," lakini hakusema. Alikuwa akimtazama Mama Kirimi usoni, kwenye macho, kwenye kona ya mdomo, na vidole vyake viliendelea kuzunguka kwenye kahawa iliyo safi kabisa.

"Ni mzuri?" akanong'ona.

Mama Kirimi akazoa kahawa yake, akabeba debe kuelekea kwenye mizani.

"Ngoja Jumapili, mama," akasema. "Unachelewesha laini."